Matairi Matano ya Dereva wa Handeni

Walisema sitaweza. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotangulia, na kwa sababu baadhi ya waliosema wako hai na watasoma hapa. Walisema mtoto wa Tanga aliyeshuka London na sweta moja hawezi kupata diploma ya ufundi wa magari kwa lugha ya watu. Niliipata. Imetundikwa ukutani ofisini kwangu, ndani ya fremu, na kila mteja huiona kabla hajaniona mimi. Walisema sitafungua karakana yangu mwenyewe. Nilifungua. Walisema hata nikifungua, haitamaliza msimu mmoja wa baridi. Hapo walikaribia kusema kweli, na kilichowafanya wakose ndicho ninachokusimulia.

Sikukisikia kwa mtu, wala sikukiota. Pombe sinywi. Mikono hii ndiyo iliyokaza nati zile, moja moja, mara tatu tatu. Ukitaka kuniita mwongo, nisubiri nimalize kwanza.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilianzia Hounslow, nikifanya usafi kwenye uwanja wa ndege zamu ya alfajiri na kusoma ufundi jioni. Kisha nikafanya kazi miaka sita kwenye duka la matairi la mtu mwingine. Nilipoona nimejua kuliko bosi, nikaondoka. Nikakodi banda la bati kwenye uwanja wa karakana pale Neasden, nyuma ya stesheni, na fedha nikazikopa kwa watu watatu.

Wa kwanza alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa upande wa Bukavu, tuliyekuwa tukipiga deki pamoja uwanjani. Yeye alinipa akiba yake ndani ya soksi na kuniambia, "Ndugu yangu, miye niko najua utafanya. Utanirudishia ile siku utaweza." Wa pili alikuwa Bwana Kanti wa Rayners Lane, Mhindi mzaliwa wa Nairobi, muuzaji wa matairi kwa jumla, ambaye alinipa mali kwa mkopo. Wa tatu alikuwa Mzee Haji.

Mzee Haji alikuwa Mpemba, karani wa ofisi, mtu wa kuhesabu kila kitu mpaka vijiti vya kiberiti. Aliondoka kwao akiwa kijana, katika ule mwaka ambao Wapemba hawahitaji kuutaja, na hakuwa amerudi hata siku moja. Aliponikabidhi bahasha alinitazama juu ya miwani.

"Sikukopeshi weye," alisema. "Namkopesha huyo mtoto wa watu uliyemuoa, asije akalala nje."

"Nitakulipa, Mzee."

"Watu wa Tanga kwa kulipa hamjambo. Mnalipa kwa maneno, tena mnarudisha chenji."

Sasa nikueleze kosa langu, maana fundi wa kweli haoni haya kutaja kosa. London nilikuwa naona magari makubwa ya porini kila mtaa wenye pesa. Landrova, na ndugu zake wote wenye magurudumu manne ya kusukuma. Mimi nimekulia mahali ambapo mtu hanunui gari la namna hiyo ila barabara ya kwao imemshinda. Nikajiambia, hawa watu wana matope mahali fulani, na matairi waliyovaa ni madogo. Nikachukua kwa Bwana Kanti matairi matano makubwa ya matope, yenye kashata, yale meno ya mpira, nene kama vipande vya matofali, saizi ile inayoingia kwenye rimu za zamani za landrova bila kubadilisha rimu. Nilikuwa naijua kazi hiyo vizuri kuliko mtu yeyote upande ule wa mji.

Nani alikuja kuyanunua? Hakuna. Magari yale, ndugu yangu, yalikuwa yanapeleka watoto shule.

Mzee Haji alikuja kuyatazama. Alizunguka ule mnara wa matairi mikono nyuma, akasimama kwenye moja ambalo kashata yake moja ilikuwa imekatika nusu, baada ya kunaswa na ndoano ghalani. Kwa hilo Bwana Kanti alinipunguzia bei.

"Hili lina pengo," alisema.

"Halidhuru chochote, Mzee."

"Sijasema ladhuru. Nasema n'naliona lacheka. Hata mimi ningelikuwa tairi la matope Neasden, ningecheka."

Basi wiki zikapita. Wateja wangu wakawa wa pancha na balbu. Desemba ikaingia, na mwenye uwanja akaniambia waziwazi: kesho yake mchana kodi isipokuwa mezani, funguo atazichukua yeye. Nikampigia Bwana Kanti. Akakubali kutuma gari asubuhi kuyarudisha yale matairi matano kwa nusu bei, na nusu ile ilitosha kodi barabara. Kwa hiyo uelewe jinsi mambo yalivyokuwa jioni ile. Karakana yangu yote, diploma na majivuno yangu, vilikuwa vimekaa juu ya matairi matano.

Siku hiyo haikuingia hata baiskeli. London mwezi ule jua linazama saa kumi, na saa kumi na moja jioni giza limeshika kama usiku wa manane. Nilikuwa nimeteremsha mlango wa bati nusu nilipoona taa mbili za manjano, hafifu, zikiingia uwanjani. Ilikuwa landrova ya zamani sana, fupi, ya rangi ya majani iliyopauka. Nilichogundua kwanza ni kwamba sikusikia injini.

Akashuka mtu mzima mwembamba, mweusi, amevaa koti la kaki na kofia ya dereva ya zamani yenye ukingo wa ngozi. Akasimama kwenye mwanga wa taa yangu. Mimi nilipopumua nilitoa moshi kama birika. Yeye alisema maneno tisa na hakutoa moshi hata chembe.

"Fundi, wanasema unayo matairi makubwa yanayokubali rimu hizi hizi."

Kwa Kiswahili, tena cha kwetu, cha bara ya Tanga. Sasa wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya nilivyofunzwa na mama yangu. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Mzee."

Akapapasa koti, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

"Marahaba," alisema mwishoni. "Miaka mingi sijaipata hiyo."

Nikamwambia ukweli: matairi ninayo, lakini yamekwisha kuahidiwa, gari linayafuata asubuhi. Hakubishana. Akatikisa kichwa tu, akageuka kuelekea mlango wa gari. Na hapo ndipo mama yangu aliponishika shati. Mama aliuza vitumbua Tanga miaka thelathini, na sheria yake ilikuwa moja: anayekufungulia biashara siku hiyo hafukuzwi. Humwachi aondoke mikono mitupu, humpandishii bei, hata akifika magharibi. Ukimrudisha yeye, umeirudisha riziki iliyokuwa nyuma yake. Na mtu huyu ndiye aliyekuwa ameifungua siku yangu.

"Mzee, subiri," nikasema. "Kwa nini lazima makubwa? Uzuri wa gari ni tairi lake la kiwandani."

Akasogea akaweka kiganja juu ya boneti. Nami nikaweka changu. Ilikuwa ya baridi kama jiwe la mtoni, gari lililotoka kuendeshwa sasa hivi.

"Mimi nilikuwa dereva wa bwana mpima ardhi, Handeni," alisema. "Kazi yetu ilikuwa kuhesabu. Gurudumu likizunguka mara moja, tunajua tumekwenda kiasi gani. Bwana alipomaliza kazi akasema, turudi Ulaya kwa barabara, tuihesabu njia yote. Nikamleta. Tukahesabu. Tukaegesha nyumbani kwake. Akaniambia masika tutarudi pamoja."

"Mkarudi?"

"Baridi ile ya kwanza ilinishika kifua."

Kuna mambo mtu anaelewa kabla ya kuambiwa. Unafikiri nilikimbia? Nikimbilie wapi, na karakana ni yangu? Niliogopa, sikatai, lakini Desemba kila mtu Neasden anatetemeka.

"Nimeruhusiwa kurudi," akaendelea. "Nimepewa mizunguko ile ile niliyokuja nayo, si zaidi, kwa magurudumu haya haya niliyokuja nayo. Lakini walinizika mbali na pale tulipoegesha. Maili sita. Kila nikienda, mizunguko inaniishia kabla ya kijito cha kwetu. Nauona moshi wa jiko la nyumbani. Nasikia mbuzi. Kisha nafumbua macho niko huku tena, chini ya mvua yao."

"Mara ngapi, Mzee?"

"Niliacha kuhesabu. Na mimi kazi yangu ilikuwa kuhesabu."

Niliinama nikazitazama rimu zake. Za chuma, za kiwandani, upana inchi tano, hazina ufa. Hapo woga ukanitoka wote, maana swali lililokuwa mbele yangu sasa lilikuwa la ufundi, na swali la ufundi halijawahi kunishinda. Walikuwa wamemkataza kubadilisha magurudumu. Tairi hawakulitaja.

Nikachukua chaki nikapiga magoti sakafuni. Tairi lake la zamani, kutoka ardhini hadi juu, inchi ishirini na nane na nusu. Langu, thelathini na moja na nusu. Nikamchorea duara dogo ndani ya duara kubwa.

"Tazama, Mzee. Gurudumu litazunguka mara ile ile, lakini kila mzunguko utakufikisha mbele zaidi. Kila mteja ninayemfungia matairi haya lazima nimwonye: mita yako itadanganya, itasoma pungufu. Ikisema umekwenda maili kumi, chini umekwenda kumi na moja. Kwa watu wengine hiyo ni hasara, wanakamatwa na polisi kwa mwendo wa kasi wakidhani wanakwenda polepole. Kwako wewe ni maili moja ya bure katika kila kumi."

Akachuchumaa kando yangu. Alisoma hesabu yangu polepole kwa kidole, kama mtu aliyezoea kukagua hesabu za wakubwa wake.

"Kwa safari nzima?" aliuliza.

"Karibu maili elfu za ziada."

"Elfu." Alicheka kidogo, cheko kavu. "Fundi, nilikuwa nataka sita."

Kisha akasema lile nililokuwa nikilingoja.

"Fedha ya nchi hii sina."

Nikautazama ule mnara wangu wa mpira. Nikaiona kodi, nikamwona mwenye uwanja akininyooshea mkono wa funguo, nikamsikia Mzee Haji akicheka kwa pua. Najua wako watakaosema nilirogwa. Sikurogwa. Nilijua ninachofanya. Nilikuwa na miaka minane sijaona nyumbani, na kila mwezi tulikuwa tunachangishana kwa ajili ya mwenzetu aliyefia ugenini. Ningemwambiaje mtu wa Handeni kwamba maili sita zimemshinda kwa sababu ya kodi ya banda?

"Ingiza gari ndani," nikasema.

Niamini, kazi ile niliifanya kama mtihani. Nilipotia jeki, mpini ulipanda kwa kidole kimoja, kana kwamba nainua sanduku tupu. Matairi yake yalikuwa vipara, nikayapima upepo na kipimo kikasoma sifuri, yote. Nilipolichopoa la kwanza kwenye rimu, udongo ukamwagika sakafuni, mwekundu, mkavu, na karakana nzima ikanuka mvua ya kwanza juu ya vumbi. Nilisimama nikiwa nimeshika chuma mkononi. Harufu ile nilikuwa nimeisahau. Mzee aligeuza uso akatazama ukutani mpaka nilipomaliza kufagia.

Nikatia mipira ya ndani mipya, ya saizi ya matairi mapya, maana mpira mdogo ukiuvuta ndani ya tairi kubwa unajitafutia pancha. Nikapaka sabuni ukingoni, nikajaza upepo mpaka tairi likakaa kwenye rimu kwa mlio wake, pu, pu. Nikayafunga manne, la tano nikalifunga nyuma liwe spea. Lakini la nyuma kulia, Mzee alichagua mwenyewe. Alichagua lile lenye pengo.

"Hilo lina kasoro ndogo," nikamwambia.

"Ndiyo maana. Nitalitambua likizunguka."

Nikamwambia akae akate usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, gari likiwa chini kwa uzito wake, kama lilikuwa na uzito. Kushoto tairi likagusa springi. Wanaofunga matairi makubwa kienyeji huliacha hivyo hivyo, halafu tairi linakatika safarini. Mimi nililala chini nikairefusha ile bolti inayozuia usukani, pande zote mbili, mpaka kidole kikapita kati ya tairi na springi.

"Kona utazichukua pana zaidi," nikasema. "Na ukifika maili hamsini simama, ukaze nati tena."

"Sitaweza kusimama."

Kwa hiyo nikazikaza mara tatu. Mwishoni nikabandika stika yangu mlango wa nyuma, yenye jina la karakana na namba ya simu. Gari halitoki kwangu bila stika, sijali nani analiendesha.

Alipopanda aliifuta mita kwa mkono wa koti.

"Deni silipendi," alisema. "Nikifika nitakuwa na maili nisizozihitaji. Zilizobaki ni zako."

"Nitazitumiaje, Mzee?"

"Kama kila mtu. Kwa kurudi."

Akatoka uwanjani. Taa zile za manjano zilipinda kona, pana, kama nilivyomwambia.

Asubuhi gari la Bwana Kanti likafika, naye mwenyewe ndani. Akaona sakafu tupu. Matairi ya zamani ya Mzee, niliyokuwa nimeyapanga mlangoni, hayakuwepo. Udongo ulikuwepo, ndani ya ndoo.

"Fundi, matairi ziko wapi?" aliuliza.

"Zimekwenda Handeni."

"Nani alilipa?"

Hapo simu ikalia. Alikuwa Mzungu mmoja, sauti ya haraka. Alisema alfajiri alikuwa kwenye barabara kuu ya kwenda pwani, ikampita landrova ya zamani ajabu, kimya, imevaa matairi makubwa kwenye rimu zake za asili na hayagusi madigadi. Akasoma stika. Yeye na wenzake wana chama, kila Jumapili wanaingiza magari yao kwenye matope kwa raha zao tu, na hakuna fundi anayewafungia vizuri. Je, naweza? Magari kumi na moja.

Nikamwambia naweza, ila malipo ya kwanza kabla ya mchana. Akaja kabla ya saa sita mchana. Mwenye uwanja alipofika kufuata funguo alikuta kodi mezani, juu yake nimeweka nati nzito ya gurudumu la landrova isipeperuke. Kumbe matope walikuwa nayo. Hesabu yangu ilikuwa sahihi tangu mwanzo, iliwahi tu kidogo.

Mzee Haji nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Umemkopesha maiti," alisema. "Mimi angalau nilimkopesha mtu apumuaye."

Lakini hakucheka. Jioni ile alinisindikiza mpaka stesheni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na njiani akaniuliza mara mbili ile hesabu ya maili sita.

Karakana ile niliiendesha miaka minane mingine, watu wakija kutoka mikoani kufungiwa matairi makubwa kwenye rimu zao. Mama Furaha nilimlipa wa kwanza, kwenye soksi mpya, na nyongeza. Bwana Kanti wa pili. Alihesabu noti mbele ya wafanyakazi wake akawaambia, "Huyu mtu ameuza matope London." Mzee Haji nilimpelekea bahasha yake mara tatu, na mara tatu akaisukuma nyuma juu ya meza.

"Weka," alisema. "Sitaki sasa."

Nilirudi Tanga katikati ya miaka ya elfu mbili, na kontena langu, mashine zangu na diploma yangu. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda Handeni. Niliuliza kijiji hadi kijiji habari za dereva wa mpima ardhi aliyekwenda Ulaya na gari, mpaka nikafikishwa kwa bibi mmoja, Bi Mwanahawa, binti yake. Nilimwambia tu kuwa nilikutana na mtu aliyemjua baba yake.

"Baba alirudi," alisema, kama anayezungumzia mtu wa sokoni. "Ilikuwa wakati wa vuli, miaka imepita. Tulisikia mbuzi wanalia usiku. Asubuhi kulikuwa na alama za gari kutoka kwenye kijito mpaka makaburini, zikaishia pale. Hazikugeuka. Matairi mapana, na moja, la kulia, kila hatua tatu lina pengo."

Nilikaa kwenye mkeka wake nikanywa maji aliyonipa. Yule aliyetaka kuniita mwongo anaweza kwenda kumuuliza.

Na zile maili zilizobaki? Hili ndilo linaloniandama hadi leo. Gari lolote ninaloendesha, kubwa kwa dogo, mita yake husoma pungufu. Tairi zikiwa za kiwandani, saizi yake, upepo sawa. Nimebadilisha mita, nimebadilisha waya, nimepima kwa kamba barabarani, na mimi si fundi wa kubahatisha. Nafika kabla ya hesabu. Wanangu, waliozaliwa London na wanaonijibu kwa Kiingereza mpaka leo, hawakubali kuweka dau nami juu ya umbali wa mahali popote.

Mwisho wa madeni yangu ulianza kwa simu ya Mzee Haji.

"Ile bahasha yangu unayo?"

"Ninayo, Mzee. Haijaguswa."

"Basi sitaki fedha. Mimi Muislamu, nikifia huku nitazikwa huku huku, wala sinung'uniki. Lakini nirudishe ningali naona. Usiningoje niwe kama yule mteja wako."

Nikamkatia tiketi. Nikampokea Dar es Salaam, nikamvusha mpaka Pemba, na pale Wete nikaazima pikapu. Ilikuwa masika. Njia ya kijijini kwao ilikuwa uji mtupu, na watu walituambia tusijaribu, kuna magari mawili yamezama tangu jana. Mzee Haji alikaa mbele amefunga mkanda, koti la London mapajani, midomo ikihesabu mitaro. Tulipita. Tulipita kando ya yale magari mawili, na wenyewe wamesimama matopeni wanatutazama. Alipokiona kisima cha kwao akaniambia nisimame.

Kisha karani akarudi kazini. Akainama akatazama mita.

"Kibao cha njia panda kilisema kilomita kumi," alisema. "Hii yako yasema tisa. Na tairi zako ni za kawaida, nimezitazama kabla hatujaondoka."

"Ndiyo, Mzee."

"Hiyo moja kalipa nani?"

"Unamjua."

Alishuka taratibu, akavua viatu, akavishika mkononi. Matope yakampanda mpaka kwenye vifundo. Mlangoni mwa nyumba ya mbele mwanamke mzee sana alikuwa amesimama, kiganja juu ya macho, anajaribu kumtambua.

"Deni lako limekwisha," Mzee Haji aliniambia bila kugeuka. "Kwenda zako sasa, usije ukaanza kusimulia na huku."

Lakini nasimulia, kwa ajili yako wewe unayesoma hapa ukiwa mbali na kwenu, unayesema mwakani, kisha mwakani tena. Mizunguko uliyokuja nayo imehesabiwa, na hujui watakuegesha wapi. Rudi ungali umeshika usukani mwenyewe. Ukichelewa utahitaji fundi wa kukufungia matairi makubwa, na mafundi kama mimi hatupo wengi.